Akiba ya Msafiri wa Elimu

Neno akiba kwa watu wa pwani si neno la dharau. Mchele wa akiba ni mchele uleule wa chungu cha leo, ila umewekwa kwa ajili ya siku isiyojulikana. Tanga la akiba hukunjwa na kuhifadhiwa chomboni kwa uangalifu pengine kuliko lile lililokwishapandishwa, kwani nahodha anajua kwamba siku atakapolihitaji hatakuwa na wasaa wa kulishona. Hajapata kuonekana baharia mwenye akili timamu aliyebeba tanga bovu akaliita la akiba.

Nimeanza na neno hili kwa sababu limepata matumizi mapya miongoni mwa vijana wetu wamalizao kidato cha sita na kutaka kwenda ng'ambo kusoma sayansi ya kompyuta, khasa Marekani. Huko, atakaye kuomba chuo hushauriwa avigawe vyuo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vyuo anavyovitamani lakini yumkini vikamkataa. La pili ni la vile vinavyolingana na alama zake. La tatu ni la vile ambavyo, kwa kadiri ya binadamu kukadiria, vitampokea tu. Hilo fungu la tatu Wamarekani wanaliita kwa neno lao lenye maana ya usalama. Sisi na tuliite fungu la vyuo vya akiba. Fomu ya pamoja itumiwayo na vyuo vingi vya nchi hiyo humruhusu mwombaji mmoja kuomba hadi vyuo 20, na kwa hiyo aghalabu orodha hiyo ya tatu hujazwa haraka haraka, usiku wa mwisho, kwa majina ambayo kijana hajapata kuyasoma mara mbili.

Hapo ndipo lizukapo swali la maadili. Je, ni haki kubisha hodi penye mlango ambao moyoni unaomba usije ukalazimika kuuingia? Na ukishafunguliwa, unadaiwa nini na aliyekufungulia?

Wako watakaosema kuwa hili ni swali la mtu asiye na kazi. Chuo ni taasisi, haina moyo wa kuvunjika. Hoja hiyo ina nguvu, na tuipe haki yake. Katika mila zetu mtu hapeleki posa nyumba tano siku moja, na akipeleka na ikajulikana, si yeye peke yake atakayeona haya, bali na wazee waliomtangulia. Lakini posa ni aibu kwa sababu nyumba ya pili haijui habari ya nyumba ya kwanza, na kwa sababu yule binti ana masikio na ana majirani. Chuo kinajua. Maofisa wake wa udahili hukaa na kukadiria ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaokuja kweli, na kwa makadirio hayo hukubali watu wengi kuliko vitanda walivyonavyo. Vipo hata vyuo vinavyopima shauku ya mwombaji kwa kuangalia kama aliwahi kuwaandikia au kuhudhuria mikutano yao, na vinavyoshukiwa kumkataa mwenye alama za juu mno kwa kudhani kwamba hatakuja. Mchezo ambao pande zote mbili zinazijua kanuni zake hauwezi kuitwa udanganyifu kwa sababu tu mmoja anaweza kushinda.

Na vyuo vyenyewe si malaika. Mnamo Septemba 2019 jumuiya ya washauri wa skuli na maofisa wa udahili ya Marekani (NACAC), baada ya kubanwa na wizara ya sheria ya nchi hiyo, ilifuta katika miiko yake kifungu kilichokuwa kikivikataza vyuo kumshawishi mwanafunzi aliyekwishathibitisha kwingine. Serikali ilikiona kifungu hicho kuwa kinazuia ushindani. Basi tusimtwishe kijana wa Wete au wa Lamu mzigo wa uaminifu ambao waliomzidi umri na mali wameambiwa na sheria wautue.

Hata hivyo pana mahali ambapo mchezo hugeuka uongo. Vyuo vingi, vya akiba vikiwamo, humtaka mwombaji aandike ukurasa mmoja au nusu yake kueleza kwa nini amekichagua chuo hicho. Kijana mwenye vyuo 15 huandika aya moja, kisha akabadilisha jina la chuo na jina la mji, akaipeleka kote. Aya hiyo inasifu mazingira mazuri, walimu mahiri na jumuiya ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Haisemi uongo wowote unaoweza kukamatwa, na wala haisemi ukweli wowote. Waingereza wamelipunguza tatizo hili kwa njia ya kihasibu: mfumo wao wa UCAS humpa mwombaji nafasi tano tu, maelezo yake binafsi ni mamoja kwa vyuo vyote, na akishapata majibu huruhusiwa kubakia na viwili, kimoja cha kwanza na cha pili kinachoitwa waziwazi bima. Chuo kilichofanywa bima kinajua kuwa kimefanywa bima. Hakuna anayejifanya. Mwenye nafasi tano hupima kila moja. Mwenye nafasi 20 hutupa jarife na kungoja kitakachonasa.

Lakini mimi naona kwamba lililo zito zaidi si hili la kukidanganya chuo. Lililo zito ni lile la kujidanganya mwenyewe na kuwadanganya wazazi kwa neno usalama.

Usalama anaouzungumzia mshauri wa Kimarekani ni usalama wa mtoto wa Kimarekani. Kwa huyo, chuo kinachopokea waombaji 80 katika kila 100 ni mahali pa uhakika: alama zinatosha, serikali ya jimbo lake inampunguzia ada, serikali kuu inaweza kumsaidia au kumkopesha, na paspoti hatakiwi kuionyesha popote. Mgeni akiichukua orodha hiyohiyo na kuiita yake, amevaa kanzu ya mtu mwingine. Msaada wa serikali kuu ya Marekani haumhusu. Ada ya mkaazi wa jimbo haimhusu. Na vyuo vilivyo vingi, vinapomfikiria mgeni, hutazama kwanza kama ataweza kulipa. Vile ambavyo havitazami hilo, na vikishampokea humtimizia haja yake yote, vinahesabika kwa vidole: Harvard, Yale, Princeton, Massachusetts Institute of Technology (MIT), Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin, pamoja na vingine vichache. Msomaji ameshaona kichekesho kilichopo. Vyuo vyenye huruma zaidi katika fedha ndivyo vigumu kuliko vyote katika kuingia, na vyuo vilivyo vyepesi kuingia ndivyo vinavyomwachia mgeni hesabu yote mezani.

Kipo chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, kilichoasisiwa mwaka 1855 na watu waliopinga utumwa. Hakimtozi ada ya masomo mwanafunzi yeyote, kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, na sayansi ya kompyuta inafundishwa. Nimesikia kikitajwa kuwa akiba nzuri kwa vijana wasio na uwezo. Ni chuo kizuri, hilo sina shaka nalo. Lakini nafasi zake kwa wageni ni chache na wanaoziomba wanatoka dunia nzima. Ukarimu wake ndio unaokifanya kisiwe akiba ya mtu.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo cha jimbo fulani kinataka dola 42,000 kwa mwaka, ada, chakula na malazi kwa pamoja. Kijana ana alama nzuri, nacho kwa furaha kinamtunukia dola 18,000. Nyumbani panapigwa vigelegele. Zilizobaki ni dola 24,000, na kwa miaka minne ni dola 96,000. "Atafanya kazi hukohuko," husema ami yake. Kanuni za viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tukimpa dola 12 kwa saa kwa wiki 30, atapata dola 7,200 kabla ya kodi. Basi ni nani atakayezitoa zilizobaki? Kabla chuo hakijamwandikia ile fomu ya I-20 ambayo bila ya hiyo haombi viza, kitataka kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Na hapa ndipo neno akiba linapofanya madhara yake. Jamaa huombwa aingize fedha katika akaunti kwa muda wa kupigwa picha ya karatasi ya benki, kisha azitoe. Shamba la mikarafuu la marehemu babu linawekwa rehani. Bangili zinauzwa. Yote haya kwa ajili ya chuo ambacho kijana hakukitaka, alichokiandika usiku wa mwisho kwa kuwa mtu alimwambia ni cha uhakika.

Mwaka wa kwanza hupita. Mwaka wa pili barua ya mhasibu huja, na yule jamaa aliyeazima karatasi ya benki ana watoto wake wa kusomesha. Sheria haimruhusu kijana kukaa bila ya masomo, na masomo hayaendelei bila ya ada. Anarudi na nusu ya shahada, ambayo ni vigumu kuipima kwa mizani yoyote. Akiba usiyoweza kuila si akiba. Ni sufuria iliyofunikwa.

Wapo wanaofanya vizuri zaidi. Vyuo kadhaa vya majimbo hutangaza mapema, kwa jedwali lililo wazi, kwamba mwenye alama hizi atapunguziwa ada kiasi hiki, mgeni na mwenyeji sawasawa. Kijana mwenye busara huanzia hapo. Huanza chini kwenda juu: hutafuta kwanza mahali ambapo milango yote itafunguka, ndipo alipo na ruhusa ya kuota Harvard. Wengi wetu tunaanza juu, na tukifika chini tumechoka.

Sayansi ya kompyuta ina mlango wake ndani ya mlango. Katika somo la historia au fasihi, aghalabu kupokelewa chuoni ni kupokelewa somoni. Katika somo hili sivyo. Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign, ambako mwaka 1993 ilitengenezwa Mosaic, programu iliyowafanya watu wa kawaida waweze kuiangalia intaneti kwa picha, hudahili wanafunzi wa kompyuta kwa hesabu yao mbali. Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, nacho hufanya hivyo. Mtu anaweza kupokelewa na chuo na asipokelewe na somo, na njia ya kuhamia baadaye ni nyembamba mno. Kwa sababu hiyo umezuka ushauri wa mitaani: omba kupitia somo lisilo na watu, jiografia au falsafa, kisha ukishaingia hamia. Huyu ameingia dirishani. Ameandika ukurasa wa mapenzi kwa somo asilolipenda, amechukua nafasi ya mtu ambaye labda alilipenda kweli, na mara nyingi anakuta dirisha lilikuwa la chumba kisicho na mlango wa ndani. Naona hapa lawama ni ya haki, maana aliyedhulumiwa ana uso: ni mwanafunzi mwenzake.

Mambo ni mengine kabisa kwa yule ambaye hisabati au takwimu ingemtosha, na akiikuta kompyuta humo ataishukuru bahati. Illinois hiyohiyo ina shahada zinazoiunga sayansi ya kompyuta na masomo mengine, isimu na muziki yakiwamo. Kijana wa pwani aliyelelewa katika lugha hii, mwenye sikio la kutofautisha Kimvita na Kiunguja na Kimtang'ata, si mnyonge katika uwanja wa kuzifundisha mashine lugha za watu. Simwambii aende huko. Nasema tu kwamba akiba yake inaweza kuwa karibu na kipaji chake kuliko anavyodhani.

Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi nikiwarejesha barazani petu kidogo. Kila mtunzi anajua dhiki ya kina. Ubeti umesimama, mizani imetimia, na kina cha mwisho kinadai neno ambalo halipo. Mtunzi ana maneno yake ya akiba: mengine ya kale, mengine ya lahaja ya jirani. Mtunzi mzuri huliita neno la akiba likaja na maana yake, hata msikilizaji akadhani ubeti wote ulitungwa kwa ajili ya neno hilo. Mtunzi mbovu hutia neno lolote lenye mlio unaotakiwa, na ubeti ukaoza kuanzia mkiani. Makosa hayakuwa katika kuwa na neno la akiba. Yalikuwa katika kulitia pasina kuliuliza lina maana gani. Ndivyo nionavyo chuo kilichochaguliwa kwa kuwa kinapokea tu.

Na swali la maana litaulizwa, hata kijana asipojiuliza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), humchukulia mwombaji wa viza ya namna hii kuwa anakusudia kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kuwa sivyo. Mahojiano ni ya dakika chache, dirishani, watu wengine wakisikia. Moja kati ya maswali ya kawaida ni: kwa nini chuo hiki? Aliyekidharau chuo chake hana la kujibu. Anaweza kulikariri jibu la mtu mwingine, lakini macho ya yule ofisa yamezoea majibu ya kukariri. Nimeona ajabu hii, kwamba dola yenye mabavu, bila ya kukusudia, inamuuliza kijana swali ambalo mwalimu wake wa maadili alipaswa kumuuliza.

Kisha ikaja 2025 na kutuonyesha udhaifu mwingine wa neno usalama. Kati ya tarehe 27 Mei na 18 Juni balozi za Marekani zilisimamisha kupanga miadi mipya ya mahojiano ya viza za wanafunzi. Tarehe 4 Juni lilitoka tangazo la rais lililowafungia raia wa nchi kadhaa, Somalia ikiwamo kwa ukamilifu, na Burundi kwa sehemu, pamoja na viza za masomo. Tangazo la Desemba mwaka huo likaongeza nchi nyingine, na Tanzania ikawamo kwa sehemu, viza za masomo zikiwa miongoni mwa zilizozuiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kijana aliyekuwa na vyuo sita, viwili vya kutamani, viwili vya kulingana na viwili vya akiba, akatambua kwamba vyote sita vilikuwa vya nchi moja. Tanga la akiba lilikuwa limekunjwa ndani ya tanga kuu.

Si Marekani peke yake. Canada, ambayo wengi waliifanya kimbilio, mwaka 2024 iliweka ukomo wa vibali vya wanafunzi wa kigeni na ikapandisha kiwango cha fedha za kujikimu anachotakiwa mgeni kuonyesha kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi 20,635. Nchi zina haki ya kuweka milango yao watakavyo, na malalamiko yetu hayatabadili kitasa. Ila mwenye kupanga safari lazima ajue kwamba kwa mgeni hatari ya kwanza haitoki katika alama zake, na kwamba akiba ya kweli ni ile isiyokaa chini ya mkono mmoja na kile inachokiwekea akiba.

Hapa tunafika mahali ambapo baadhi ya wasomaji hawatapapenda. Akiba isiyohitaji viza ipo, na sote tunaijua njia ya kuifikia kwa daladala. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, kiko Tunguu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitivo chake kizima cha teknolojia ya habari, Kijitonyama. Mara ngapi tumemsikia mzazi, mbele ya mtoto wake, akisema: "Ikishindikana kabisa, basi atakwenda hapohapo"? Katika sentensi hiyo chuo cha nyumbani kimepewa kazi ya akiba na mshahara wa dharau. Kijana ataingia humo akiwa amekwishaambiwa kuwa ameshindwa. Atakaa nyuma darasani. Halafu tutasema chuo ndicho hakina wanafunzi wazuri.

Mapungufu yapo, na kuyaficha hakumsaidii mtu. Lakini somo lenyewe la kompyuta lina sifa ambayo masomo mengi hayana. Neno algorithimu limetokana na jina la al-Khwarizmi, aliyeandika hesabu zake Baghdad katika karne ya tisa. Namna ya kutafuta njia fupi kati ya miji, aliyoitangaza Mholanzi Dijkstra mwaka 1959, ni ileile ubaoni Tunguu na ubaoni Seattle. MIT ilianza kuyaweka masomo yake wazi kwa dunia nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Kinachotofautiana ni walimu, maabara, umeme, jamaa wa kubishana nao usiku, na jina litakalosomwa na mwajiri. Hivyo si vitu vidogo. Wala haviwi somo lenyewe.

Watu hupenda kumtaja Satya Nadella. Alizaliwa Hyderabad mwaka 1967, akasoma uhandisi wa umeme Manipal, akavuka kwenda Marekani kusoma shahada ya pili ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Milwaukee, ambacho hakimo katika ndoto za vijana niwajuao, na akamaliza mwaka 1990. Tangu 2014 ndiye mkuu wa Microsoft. Ni habari ya kweli na inafaa kusimuliwa, ila isitumike kama hirizi. Kwa kila mmoja aliyefika huko wako wengi waliopita madarasa hayohayo na hatuwajui. Kinachonivutia mimi katika habari yake ni kidogo zaidi: alikwenda, akasoma kilichokuwapo, akamaliza.

Na upepo hugeuka. Tangu mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya Kihindi, IIT Madras, ina tawi lake Zanzibar, Bweleo, tawi la kwanza la taasisi za IIT nje ya India, linalofundisha sayansi ya data na akili mnemba. Vijana wa Kihindi wamevuka bahari kuja kusoma kisiwani petu. Yumkini kwa baadhi yao Bweleo lilikuwa tamanio. Yumkini kwa wengine sisi ndio akiba. Mwanafunzi wa namna hiyo ukimkuta Darajani akiulizia bei ya ndizi kwa Kiswahili cha kubabaisha, ungependa awe amekuja na moyo gani? Jibu la swali hilo ndilo ninalolidai kwa kijana wetu anapoandika jina la mji asioujua huko Ohio au Wisconsin. Mji huo una watu. Wana bandari yao au mto wao, wana mwalimu wa kompyuta aliyefundisha somo lilelile kwa miaka 20 na ambaye angefurahi kupata mwanafunzi mmoja aliyefika kwa hiari yake.

Kwa hiyo mtihani ninaoupendekeza ni mfupi, na mama anaweza kuusimamia jikoni bila ya kujua hata jina moja la vyuo hivyo. Amuulize mwanawe kuhusu kila jina lililo chini ya orodha: "Hapa wakikuita peke yao, wengine wote wakikukataa, utakwenda? Na sisi tutaweza?" Akisita katika swali la kwanza, jina lifutwe. Wakisita wote wawili katika la pili, lifutwe kwa haraka zaidi. Orodha itapungua. Inaweza ikabaki na majina matatu, na mojawapo likawa la hapa nyumbani.

Limebaki jambo la adabu, nalo ni la wale waliobahatika kukubaliwa mahali pengi. Nchini kwetu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) humtaka aliyedahiliwa na zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja tu, ili nafasi nyingine ziachiwe. Marekani tarehe iliyozoeleka ya kujibu ni 1 Mei, na hapo hakuna tume inayomlazimisha mtu; wapo wanaolipa kiingilio vyuo viwili wakishikilia nafasi mbili mpaka kiangazi huku wakingoja viza au msaada zaidi. Nafasi ya pili ina mtu wake, naye yuko katika orodha ya wanaosubiri, labda Kampala, labda Dhaka, akifungua barua zake kila asubuhi. Barua ya kukataa haizidi mistari mitatu. Ataje jina lake na namba ya maombi yake, ashukuru, aseme hatakuja, na aipeleke siku ileile anayothibitisha kwingine.